Mwandishi Asiye Ndugu Yangu

Macho yangu yalianza kuniaga nikiwa na miaka thelathini na mbili, taratibu na kwa adabu. Yaliondoka kwanza maandishi madogo, kisha makubwa, kisha nyuso za watu waliosimama zaidi ya hatua tatu. Leo naona mwanga, naona umbo la mtu, naona kwamba hapa kuna mlango na pale kuna ukuta, ingawa siku nyingine mlango na ukuta hubadilishana nafasi bila kuniarifu. Kusoma ndiyo basi tena. Nafundisha darasa la nne katika shule ya msingi huku Heru Juu, na watoto wangu wameshazoea. Mimi nasema, mmoja wao anaandika ubaoni, na akiandika upuuzi wenzake wanacheka, kwa hiyo najua.

Katika hali hiyo nikaamua kusoma shahada. Mke wangu aliuliza mara moja tu kama nimefikiri vizuri, nikamjibu vibaya, hakuuliza tena. Chuo chenyewe kiko mbali, tunasoma tukiwa makwetu, na mitihani tunafanyia kwenye kituo kimoja Kasulu mjini. Vitabu nilivisikiliza kwenye simu, vikisomwa na sauti ya mwanamke asiyepumua wala kuchoka. Kwa miaka mitano huyo mwanamke amesema nami kuliko mtu yeyote nyumbani kwangu.

Nilifaulu masomo yote isipokuwa moja, nalo ni Elimu Jumuishi. Ndiyo, ni somo linalohusu namna ya kuwafundisha na kuwapima watu wenye ulemavu. Mara ya kwanza nililifanya kwa kiburi, nikaandika kwa mkono wangu mwenyewe, mistari ikapanda juu ya mistari, na msahihishaji akaandika kwamba kazi haisomeki. Mara ya pili nilitumia kalamu nene nikaandika herufi kubwa kama za bango la mkutano wa hadhara, na muda ukaisha nikiwa swali la pili. Kanuni ya chuo haikuwa na huruma: ukianguka mara tatu somo lilelile, unafutwa. Kwa hiyo mtihani huu ulikuwa wa tatu na wa mwisho, na miaka yangu mitano ilikuwa juu ya meza hiyo moja.

Safari hii nikameza kiburi, nikajaza fomu ya mahitaji maalumu. Chuo kilikubali haraka mpaka nikashangaa. Niliongezewa robo ya muda, na nikapewa haki ya kuwa na mwandishi, yaani mtu wa kunisomea maswali na kuandika ninayoyasema. Msimamizi wa kituo alinisomea masharti. Alikuwa mama wa makamo kutoka Dodoma, ana miezi minne tu tangu ahamishiwe kwetu, mtu mwema lakini kanuni kwake ni kama chumvi, haiachwi nje ya chungu chochote.

"Mwandishi ajue Kiingereza," akasoma. "Asiwe amesomea somo hili. Na asiwe na undugu wowote na mtahiniwa. Hapa chini atajibu ndiyo au hapana, kisha atie sahihi."

"Undugu wowote?" nikauliza.

"Wowote, Mwalimu. Ni jambo dogo."

Sikumwambia kitu. Mtu wa miezi minne huwezi kumweleza kila jambo siku moja. Sisi Waha hatusalimiani kwa kupita. Tunashikana mikono, tunashikana na viwiko, tunaulizana watoto, mihogo, mvua na maharage, halafu linakuja swali ambalo bila hilo salamu haijakamilika: wewe ni mwana wa nani? Ukishajibu umekwisha. Mwenzako ataanza kupanda na kushuka kwenye koo mpaka apate pa kukushikia, na kupata lazima apate, kwa sababu mtu kuondoka bila kuambiwa ni nani wako ni kama kumfukuza mgeni bila maji. Nimewahi kupata wajomba wawili kwenye foleni ya kupima macho.

Mwandishi wa kwanza aliletwa Alhamisi, siku moja kabla ya mtihani, ili ajaze fomu mapema. Alikuwa mzee mstaafu wa idara ya maji, amevaa koti, nililijua kwa harufu ya dawa ya nondo.

"Mwakeye," akanisalimia kwa Kiha, akanishika viwiko.

"Mwakeye," nikajibu, na mimi nikamshika.

Tukapitia watoto. Tukapitia mihogo. Msimamizi alikuwa anatafuta kalamu na wala hakujua ajali inayokuja.

"Mama yako anatoka wapi?" mzee akauliza.

"Muyama."

"Muyama! Muyama ya upande gani?"

Nilipaswa kunyamaza. Ninajua hivyo sasa, na nilijua hivyo hata wakati ule. Lakini mtu mzima amekushika viwiko anakuuliza kwenu, unyamaze, unyamaze vipi? Nikamjibu. Dakika tatu baadaye bibi yake na bibi yangu walikuwa wamezaliwa tumbo moja, na mimi nilikuwa na kaka mpya mwenye miaka sitini na nane. Alifurahi mpaka akaketi. Msimamizi alipompa fomu, kaka yangu hakusita. Kwenye undugu akaandika ndiyo. Fomu ilisema, kama ndiyo, eleza, ikaacha mistari miwili. Alijaza mistari yote miwili, akageuza karatasi, akaendelea nyuma.

"Lakini mzee," msimamizi akasema kwa sauti ya kuishiwa nguvu, "mmekutana sasa hivi. Hapa, mbele yangu."

"Ndiyo, mama. Na tulichelewa sana kukutana."

"Saa moja iliyopita ulikuwa humjui!"

"Saa moja iliyopita ni kweli nilikuwa simjui. Sasa nimeshamjua, nitafanyaje nisimjue tena?"

Akaondolewa. Alipotoka alinikaribisha kwake Jumapili kula kuku.

Msimamizi hakulala kwenye tatizo. Alipiga simu Kibondo, kwa mwenzake, akaomba mtu wa kutoka hukohuko, kwa hoja kwamba mtu wa Kibondo na mtu wa Kasulu hawawezi kuwa ndugu kwa sababu ya umbali. Alijivunia sana mbinu hiyo. Kesho yake Ijumaa, saa tatu kasoro robo asubuhi, alinikalisha kwenye chumba changu peke yangu, meza moja na viti viwili, akanipa amri.

"Mwandishi ameshafika. Mwalimu, nakuomba kama mtumishi mwenzangu: usimsalimie."

"Nisimsalimie kabisa?"

"Kabisa. Usimguse, usimuulize chochote. Akiingia atajaza fomu, atasoma swali la kwanza, wewe utajibu swali la kwanza. Maisha ya watu myaache mpaka saa saba."

Akaingia msichana, nikamjua kwa hatua kuwa ni kijana. Akasema mwakeye. Mimi kimya. Akarudia taratibu zaidi, labda akidhani na masikio yamekwenda. Mimi kimya, natazama ukuta, au mlango, sijui. Jasho lilikuwa linanitoka. Nimelelewa na mama ambaye alikuwa akinichapa kwa kupita jirani bila kumwamkia, na sasa hapa nimekaa kama gogo mbele ya mtoto wa watu aliyeamka alfajiri kupanda basi kwa ajili yangu. Nikasikia kiti kinavutwa. Nikasikia anavuta pumzi.

"Mwalimu," akasema kwa unyonge, "kama kuna kosa nimefanya nisamehe. Au ni mimi kutoka Kumsenga ndiyo hukunipenda?"

"Kumsenga?" nikasema. Lilinitoka lenyewe.

"Mwalimu!" msimamizi akapiga kelele.

Tayari, nilishamuuliza ni mwana wa nani. Mdogo wa mwisho wa babu yangu alihamia Kumsenga zamani kutafuta shamba, akaoa tena akiwa mzee, na habari tulizokuwa nazo ni kwamba alizaa mabinti. Mmoja wao ndiye huyu. Yaani ni binamu ya baba yangu, yaani huyu msichana wa miaka ishirini na nne aliyekaa mbele yangu ni shangazi yangu, na mimi mwenye mvi nilipaswa kumwamkia kwa heshima zote nilizomnyima. Nikasimama nikamwamkia. Na yeye, bila haya yoyote, akapokea kama shangazi.

"Shangazi," nikamwambia kwa kunong'ona, "andika hapana. Nakuomba. Hii ni nafasi yangu ya mwisho, nikiikosa wananifuta."

"Nikukane?" akasema. "Kwa maandishi? Halafu nitie sahihi?"

"Ni fomu tu."

"Baba angekuwa hai ungemwambia hivyo?"

Msimamizi naye alishasikia kila kitu, kwa hiyo hata shangazi angekubali isingesaidia. Kengele ya kuanza ikalia kwenye chumba cha wenzangu. Msimamizi akanisomea kanuni nyingine, safari hii kwa sauti iliyotaka kulia: mtahiniwa asiyeanza ndani ya nusu saa anahesabiwa hakufika. Nikacheka. Nilikuwa nimefika tangu saa mbili.

"Mwalimu, fikiri," akaniambia. "Katika mji huu mzima hakuna mtu anayejua Kiingereza ambaye si ndugu yako?"

Nikafikiri. Alikuwepo mmoja, na nilitamani asiwepo.

Hatua mia mbili kutoka kituoni kuna duka la nguo na viatu la mzee mmoja ambaye babu yake alikuja na biashara kutoka pwani. Alisoma hadi kidato cha sita, kisha baba yake akamrudisha dukani. Mimi na yeye tulikuwa hatusemezani mwaka wa nne. Nilinunua kwake viatu vya kazini, nikavichagua mwenyewe kwa kupapasa, nikakataa kusaidiwa, na nilipofika shuleni darasa zima likaniarifu kwamba vyote viwili ni vya mguu wa kushoto. Nilirudi nikamwita mwizi wa vipofu mbele ya wateja wake. Yeye akaniambia mbele ya wateja haohao kwamba hata wenye macho hawana kiburi cha namna yangu. Tukaishia hapo.

Shangazi alinishika mkono, tukaenda mbiombio. Nikasikia mzee anaacha kukunja kitenge.

"Habari za asubuhi, mzee."

"Salama. Umekuja kurudisha viatu?"

"Nimekuja kukuomba uniandikie mtihani."

Shangazi akamweleza yote kwa pumzi moja, dakika zilizobaki, kanuni, kufutwa, macho yangu, baba yake wa Kumsenga asiyehusika.

"Kwa nini mimi?" mzee akaniuliza.

"Kwa sababu wewe si ndugu yangu."

Nilisikia anavaa kofia. Nilisikia mlango wa duka unafungwa.

Kituoni alipewa fomu, akaisoma yote polepole kwa sauti, huku msimamizi akihesabu dakika. Alipofika kwenye undugu akasimama.

"Mimi nimezaliwa hapa Kasulu," akasema. "Baba yangu pia. Kila ninayesalimiana naye ananiuliza ni mwana wa nani. Nikimtajia anafikiri, anafikiri, halafu anasema, aa, watu wa pwani, na salamu inaishia hapo. Umri huu sijapata ndugu hata mmoja, hata wa kusingiziwa." Kalamu ikakwaruza karatasi. "Hapana. Leo imemfaa mtu."

Niliona aibu. Nilikuwa mmoja wa waliofikiri na kusema aa, watu wa pwani, nikaachia mkono. Lakini zilibaki dakika sita na hapakuwa na nafasi ya kuona aibu vizuri, nikaiahirisha.

Tukaanza. Hapo ndipo nilipoelewa nimefanya nini. Nimempa mtu niliyemwita mwizi kalamu, karatasi na miaka yangu mitano, na siwezi kuona anachoandika. Swali la kwanza liliuliza, niamini au usiniamini, chuo kinapaswa kufanya nini ili mwanafunzi mwenye ulemavu asichelewe kuanza mtihani. Nilijibu kwa moyo wote. Nilitoa sentensi zenye moto, na kila nilipofika mwisho wa sentensi kalamu ya mzee ilikuwa bado inakwenda. Nilinyamaza, ikaendelea. Nilikohoa, ikaendelea. Nilikuwa nimesema maneno manane, na yeye anaandika kama anaandika wosia.

"Unaandika nini?" nikauliza.

"Unachosema."

"Nisomee."

Akanisomea. Maneno manane, hayakuzidi wala kupungua.

"Sasa mbona muda wote huo?"

"Naandika vizuri."

Msimamizi alikuja kuangalia, nikamsikia anaguna kwa mshangao. Akaniambia kwa upole kwamba mwandiko ni mzuri mno, herufi kubwa zina mapambo. Nilimwomba mzee aache mapambo. Akaniambia hajui kuandika kwa namna nyingine, na kwamba akichafua kazi mimi nitakuwa wa kwanza kusema amenihujumu. Hilo lilikuwa kweli, kwa hiyo nikaanza kusema kwa ufupi. Nadhani sijawahi kuwa na akili nyingi kama siku ile ambayo kila neno lilinigharimu dakika.

Saa sita wenzangu wakamaliza, nikawasikia wanatoka wakicheka, wakiulizana majibu. Mzee akaweka kalamu chini, akaanza kusimama.

"Bado," msimamizi akasema. "Yeye ana robo ya ziada. Na dakika mlizochelewa nimezirudisha. Mpaka saa saba na robo."

"Leo Ijumaa," mzee akasema.

Mimi ndiye mwenye kusahau. Nilikuwa nimesahau kabisa kwamba ana sala ya Ijumaa. Akakaa, akaandika, na tulikuwa katikati ya swali la mwisho adhana ilipoanza msikitini, karibu sana, chumba kizima kikajaa. Nikaacha kusema. Lilibaki nusu ya jibu, na bila ile nusu nilijua naweza kuanguka. Lakini nilimwita mwizi, nikamtoa dukani, nikamfanya aandike kwamba si ndugu wa mtu, na sasa niliona siwezi kumzuia na hili.

"Mzee, nenda," nikamwambia. "Hapa panatosha."

"Mwandishi akitoka mtihani umekwisha," msimamizi akasema.

"Najua. Aende."

Sikusikia kiti. Adhana ilikuwa inaendelea, na mzee alikuwa kimya mpaka ilipokwisha.

"Swali linasema eleza kwa mifano," akasema. "Umetoa maelezo. Mifano sijaisikia. Sema, Mwalimu, mimi najua kukimbia."

Nikasema. Kwa mara ya kwanza siku ile kalamu yake ilikwenda mbio, bila mapambo. Tulimaliza saa saba na dakika kumi. Akatia sahihi, akatoka, na nikasikia kandambili zake zinavyopiga lami mpaka kona ya msikiti. Shangazi, aliyekuwa amekaa nje muda wote, aliniambia hakudhani mzee wa umri ule ana mbio namna ile.

Matokeo yalitoka baada ya wiki saba. Yalikuja kwenye simu kama picha ya karatasi, na yule mwanamke wa kwenye simu hasomi picha. Mke wangu alikuwepo, akaniomba anisomee, mwalimu mkuu akaomba, hata kaka yangu wa idara ya maji alipiga kuuliza kama aje. Nikapanda bodaboda nikaenda mjini, dukani kwa mzee, nikamkabidhi simu.

Alichukua muda wake, kama kawaida yake.

"C," akasema. "Umefaulu."

Nililia pale pale, juu ya vitenge vya watu. Sikujificha. Mzee alinisogezea kiti na akasogeza vitenge.

"Ingekuwa B," akasema nilipotulia. "Swali la tatu lilitaka hoja tano. Wewe ulitoa nne."

"Nne? Una uhakika?"

"Nilizihesabu mara mbili. Ulimi niliung'ata mpaka ukauma."

"Mbona hukuniambia?"

"Waliniambia niandike unachosema."

Nikakaa nikiwaza watu wangu wote, kuanzia Muyama mpaka Kumsenga, kaka yangu na shangazi yangu na wengine ambao sijawapata bado. Hakuna hata mmoja wao ambaye angeweza kukaa pale, akaniona nakosea, na akaniacha nikosee.